Kulwa na daftari la mahudhurio: kisa cha nyumba moja ya Igombe

Kisa hiki kilitufikia kama mgogoro wa kiwanja. Baba mmoja wa Igombe, wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, alifika ofisi ya serikali ya mtaa kulalamika kwamba mke wake amenunua kiwanja upande wa Buswelu kwa siri na kukiandikisha kwa jina lake peke yake. Habari hakuipata kwa mkewe. Rafiki yake alikuwa kwenye mkutano wa urasimishaji makazi, majina ya wenye viwanja yakasomwa, na jina la mama watoto wake likawemo. Hapo ndipo alipoanzia maelezo yake: "Limesomwa mbele ya watu." Kiwanja chenyewe alikitaja baadaye.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na mwenyekiti wa mtaa huniita ugomvi wa wanandoa unapoanza kunukia mahakama. Hapa nitawaita Baba Kulwa na Mama Kulwa. Majina si yao, na mambo kadhaa ya nyumbani kwao nimeyabadilisha wasitambulike. Watoto wao wakubwa ni mapacha, na kwa desturi ya Kisukuma anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, wa pili Doto, na anayewafuata mapacha huitwa Shija. Kulwa ni msichana, Doto ni mvulana. Wapo darasa la sita, shule moja. Shija ni binti wa miaka mitatu. Msomaji alishike hilo la mapacha, maana ndilo lililotufumbua macho.

Niseme mapema pia kwamba Baba Kulwa si mlevi na hampigi mkewe. Visa vingi vinavyoandikwa kuhusu ndoa za mwambao wa ziwa vina pombe na ngumi ndani yake, na msomaji akishaviona anaona ameshapata jibu. Hapa hakuna.

Hela ilivyohama

Baba yake Baba Kulwa alikuwa mkulima wa pamba Magu. Palizi walifanya wake zake na watoto, kuchuma vilevile, lakini kadi ya chama cha msingi cha ushirika ilikuwa na jina lake na hela aliipokea yeye pale kwenye mizani. Shirikisho la vyama vya ushirika lililoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani lilimpa mkulima wa Usukumani sauti mbele ya wanunuzi wa pamba. Ndani ya nyumba halikugusa kitu.

Pamba ilipokosa bei, vijana waliteremka ziwani. Sangara, samaki aliyepandikizwa wakati wa ukoloni katika miaka ya 1950, alikuwa ameshatawala maji kufikia miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vilivyofunguliwa Mwanza miaka ya 1990 vilimpa bei nzuri kila mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia na kushusha samaki. Baba Kulwa alitoka Magu akiwa kijana, akaanza kama mvuvi wa kuajiriwa kwenye kambi za visiwani, akapanda hadi kumiliki mtumbwi wake na nyavu. Vijana wakamwita "tajiri", kama anavyoitwa kila mwenye chombo ziwani. Hela ilikuwa imehama shambani ikaingia majini, lakini mkono wa kuipokea ulibaki uleule wa baba.

Mwaka 2018 ikaja operesheni dhidi ya uvuvi haramu. Nyavu zake alikuwa ameziunganisha, zikaenda chini kupita macho 26 yaliyoruhusiwa wakati ule. Zikachomwa. Hakatai kwamba alivunja sheria. Anasema tu kwamba kila aliyetaka kuishi na sangara wakati ule alikuwa ameunganisha. Mtumbwi aliuza kulipa madeni.

Mwaka uliofuata mkewe, ambaye mpaka hapo alikuwa akikaanga maandazi mlangoni, alikopeshwa ndoo mbili za dagaa wabichi na tajiri mmoja aliyemfahamu mumewe. Leo ana chanja zake, ana vibarua siku mzigo ukiwa mkubwa, na magunia yake yanaingia Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi wa Congo hutia mkono ndani ya gunia, huchota, na kutafuna kidogo kusikiliza kama kuna mchanga kabla hawajataja bei. Kwa hesabu yake mwenyewe, tangu 2020 hakuna mchango wa shule, sare, tofali wala kilo ya unga iliyoingia nyumbani kwa hela isiyotoka kwenye dagaa.

Biashara hiyo ina saa zake, na saa hizo ndizo zilizopindua nyumba. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa (zamani karabai, siku hizi za betri na sola) na kurudi alfajiri. Anayetaka mzigo mzuri awe mwaloni saa kumi na moja. Dagaa huoshwa, huanikwa kwenye chanja au juu ya nyavu kuukuu, hugeuzwa jua likipanda, huanuliwa jioni. Mvua ikiwakuta chini, dagaa wa kula wanageuka dagaa wa chakula cha kuku mchana uleule. Kwa hiyo mtu haondoki. Na kuna mwezi: mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika wiki moja na ushee, kisha giza linarudi na kazi inarudi nalo. Mama Kulwa yupo nyumbani wakati wa mbalamwezi. Wakati wa giza hayupo kuanzia kabla ya alfajiri mpaka karibu na magharibi.

Bahasha ya Magu

Kilichonivutia kwanza ni jinsi wawili hawa walivyokuwa wamefanya kazi kubwa, tena kwa pamoja, kuficha kwamba mambo yamebadilika. Kulikuwa na harusi ya mdogo wa Baba Kulwa huko Magu. Ahadi ya mchango wao ilikuwa laki tatu. Mama Kulwa alizihesabu usiku wa kuamkia safari, akazitia kwenye bahasha, akaiweka kwenye mfuko wa shati la mumewe lililokuwa limetundikwa. Hakumkabidhi mkononi. Kesho yake Baba Kulwa akasimama mbele ya ukoo, akatoa bahasha, wazee wakamsifu kwa kutosahau nyumbani. Mkewe alikuwa jikoni na mashemeji zake, akisonga ugali.

Nilimuuliza kama ilimuuma. "Iniume kwa nini? Nilitaka asifiwe. Asiposifiwa yeye, mimi ndiye ninayerudi na mtu mwenye hasira kwenye basi." Baba Kulwa naye nilipomuuliza peke yake alijua bahasha ilitoka wapi, na alijua kwamba kaka zake wanajua. Wote walikubaliana bila kukaa kikao.

Ndiyo maana naamini kiwanja kilimchoma kwa kusomwa kwake hadharani kuliko kwa kununuliwa. Mkutano ule ulisema kwa sauti jambo ambalo bahasha ilikuwa inalifunika. Na Mama Kulwa alikuwa na sababu zake za kuficha. Mwaka 2021 alimpa mumewe faida ya msimu mzima anunue mashine ya boti kwa ubia na mwenzake, arudi ziwani. Mashine iliporwa na maharamia wakiwa majini ndani ya miezi michache. Hakuna aliyekuwa na kosa. Lakini kikoba alichokuwemo (kikundi cha kuweka akiba) kilipovunjwa Desemba ya 2023 akaamua kwamba mgao ule hautapita mkononi mwa mtu yeyote.

Kikao, na hoja ambayo hatukuitegemea

Kwenye kikao Baba Kulwa hakusema "mali ya mke ni ya mume". Alikuja na hoja nzuri kuliko hiyo. "Mwenyekiti, huyu mama yuko mwaloni kila siku ya giza. Mimi ndiye niliyekaa na watoto. Angefanyaje biashara bila mtu wa nyumbani? Sasa kiwanja kinakuwaje cha kwake peke yake?"

Mwenyekiti alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hoja hiyo ina mizizi mirefu katika sheria yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu kila mwanandoa kumiliki mali yake, na kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja wao itachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hapo Mama Kulwa alikuwa salama. Lakini ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa hela, mali au kazi. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Uamuzi ule ulikuwa mkombozi wa wanawake waliopika na kulea miaka yote huku jina kwenye hati likiwa la mume. Miaka zaidi ya 40 baadaye, pale Igombe, mwanaume ambaye hajawahi kuusikia alikuwa anaushika kwa upande wa pili, na kwa haki kabisa: kama kazi ya nyumbani ni mchango, basi ni mchango wa yeyote aliyeifanya.

Mama Kulwa hakubisha kanuni. Alibisha ushahidi. "Ulikaa nao, sawa. Shija alipoumwa masikio nani alimpeleka zahanati?"

Kimya.

"Uji wa asubuhi anapika nani?"

"Mama Kulwa, hayo ni mambo madogo madogo."

"Nani?"

Akajibu mwenyewe kabla ya mumewe: "Kulwa."

Ndipo mwenyekiti alipokumbuka kwamba ana barua ya shule kwenye faili lingine kabisa. Kulwa alikuwa ameandikiwa utoro. Barua ilikuwa imekuja kama jambo la mtoto mkaidi, na hakuna aliyeiunganisha na kiwanja.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu wa darasa, mtu makini, alinifungulia daftari la mahudhurio. Mstari wa Doto ulikuwa umejaa alama za kuhudhuria kutoka mwanzo hadi mwisho, na mapengo mawili matatu. Mstari wa Kulwa, uliokuwa juu yake tu, ulikuwa na mapengo yaliyokaa makundi makundi: siku nne, siku tano, kisha kipindi kirefu bila pengo, kisha tena. Ukutani palikuwa na kalenda ya aina ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni ya tarehe za kawaida. Mwezi mpevu huangukia tarehe 14 au 15 za Kiislamu. Tukaziweka mbili hizo sambamba, mwalimu akisoma na mimi nikionyesha kwa kidole. Mapengo ya Kulwa yalikuwa yanaanza baada ya tarehe 20 na kuisha wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata. Katikati, kwenye mbalamwezi, karibu hakuna. Mtoto alikuwa anasoma kwa mwezi wa dagaa.

Watoto hawa walitoka tumbo moja siku moja, wanalala chumba kimoja, wanatembea njia moja kwenda shule. Mtu akitaka kujua nani amelipia mabadiliko ya nyumba ile hana haja ya kutafuta zaidi ya mistari ile miwili.

Kulwa mwenyewe alieleza bila kulalamika. Siku za giza huamka mama akiondoka. Anawasha moto, anapika uji, anamwogesha Shija, anampeleka kwa jirani. Doto anaondoka mapema maana mvulana hawezi kumwogesha mdogo wake wa kike; hilo halikuwa na mjadala kwa mtu yeyote, hata kwa Doto. Kulwa akimaliza kengele imeshagonga. Akichelewa ataadhibiwa, kwa hiyo haendi, na kwa kuwa haendi basi anashuka mwaloni kumsaidia mama kugeuza dagaa. Mama akimwona mchana alidhani wametoka mapema. Au alichagua kudhani hivyo; sina hakika, na sikumbana.

Na Baba Kulwa? Alikuwepo. Huamka saa moja, hunywa uji uliopikwa, huenda kijiweni ambako hushona nyavu za watu kwa malipo madogo. Hajawahi kujiona kama mtu anayekaa nyumbani. Tangu 2018 yeye ni mvuvi wa sangara aliyesimama kwa muda, anayetafuta mtaji arudi. Ukishakubali kwamba mtu ataondoka wiki ijayo, hakuna sababu ya kumpangia zamu ya uji. Wiki ijayo hiyo imechukua miaka saba, na nyumba nzima bado imepangwa kama vile mtumbwi unamsubiri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mwanamke akipata kipato basi majukumu ya nyumbani yanagawanyika upya. Yanagawanyika, ndiyo, lakini angalia yanaangukia wapi. Mzigo aliouweka chini Mama Kulwa haukupita kwa mumewe hata siku moja. Uliteremka moja kwa moja kwa binti mkubwa wa nyumba. Sheria inaweza kuhesabu kazi ya mke, na sasa tumeona inaweza kuhesabu hata ya mume. Kazi ya binti haina wa kuihesabu, kwa sababu yeye hayumo kwenye ndoa.

Tulichokubaliana, na kilichowezekana

Nilimwambia Baba Kulwa, kwa heshima, kwamba hoja yake ya kukaa na watoto mahakama ingemuuliza maswali yaleyale ya mkewe. Hakupinga. Aliliangalia lile karatasi nililonakili kutoka shuleni kwa muda mrefu, akaniuliza kama Doto naye ana siku alizokosa. Nikamwambia. Akasema, "Basi huyu mtoto mnisamehe," bila kuelekeza kwa mtu fulani.

La kiwanja liliisha kwa sentensi chache. Kinabaki kwa jina la mama. Nyumba ikijengwa na familia ikahamia, itakuwa nyumba ya ndoa, na chini ya kifungu cha 59 hakuna hata mmoja anayeweza kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Baba Kulwa aliomba hilo liandikwe na lisomwe kwa sauti mbele ya wajumbe. Likasomwa. Nilidhani angegombea zaidi.

La nyumbani lilikuwa gumu. Mwenyekiti alipendekeza baba apike uji. Pendekezo lilipokelewa kwa adabu na likafa palepale. Mama mwenyewe alilikataa kabla ya mumewe. "Majirani watasema nimemfunga." Kugeuza dagaa kwenye chanja, mbele ya wavuvi waliokuwa wakimwita tajiri, nako hapana. Lakini Baba Kulwa alikubali kupeleka magunia Kirumba kwa pikipiki ya kukodi, kusimamia mizani na kupokea hela, na kwa hilo Mama Kulwa akapata saa mbili za mchana. Doto naye akapewa kazi ya kuchota maji, baada ya kununuliwa baiskeli ya kubebea madumu. Kwa miguu, maji ni ya msichana. Yakipanda baiskeli mvulana anayafuata kwa furaha. Huku kwetu kazi nyingi huvuka upande zikipata magurudumu, na kama mtu anataka kumwingiza mwanaume kwenye biashara ya dagaa, mlango ni huo wa usafiri na mizani. Wa jikoni umefungwa bado.

Uji wenyewe ulipatiwa ufumbuzi wa hela. Jirani anayeuza uji na vitafunwa asubuhi analipwa kwa mwezi; siku za giza watoto wote watatu wananywa kwake, na Shija anabaki hapohapo. Kuna watakaosema kwamba hatukubadilisha chochote, tumelipa mwanamke mwingine tu. Ni kweli. Ila jirani huyo analipwa na amekubali bei, na Kulwa hakuwa analipwa wala hakuulizwa.

Mwalimu amenionyesha daftari la muhula uliofuata. Kulwa alikosa siku tatu, mbili kati yake kwa malaria. Kazi za jioni, vyombo, nguo, kumlaza Shija, bado ni zake, na mwakani Septemba ana mtihani wa darasa la saba. Doto jioni hucheza mpira mpaka giza linapoingia. Hilo hatujaligusa.

Wiki chache zilizopita Mama Kulwa alinisimamisha pale mwaloni, mikono imejaa magamba, akaniambia amepata dawa ya hayo ya jioni: kuna binti wa dada yake huko Magu, ataletwa akae nao. Nilimuuliza huyo binti yuko darasa la ngapi. Akasema hajauliza. Nimemwomba aulize kabla ya kutuma nauli, na mwenyekiti amekubali kwamba msichana yeyote wa umri wa shule atakayeletwa kwenye nyumba ile, jina lake litafika kwanza kwa mwalimu.